Kompyuta Iliyonyamaza

4 Machi

Dada mpendwa,

Nakuamkia kwa heshima anayostahili mtu aliyenitangulia kuzaliwa, ingawa si kila jambo amenitangulia. Sisi huku wazima. Goti la Mama, lile la kukanyagia cherehani, linamsumbua asubuhi na kutulia mchana, na sare za shule zimemjaa chumbani hadi kitandani. Mchwa tuliodhani wamehama wamerudi kwenye fremu ya mlango wa jikoni. Natumaini shemeji anatembea vizuri baada ya kuteguka mguu, na kwamba kazini bado wanakutegemea kufufua kompyuta zilizokatiwa tamaa.

Utashangaa kuona mwandiko wangu badala ya kusikia sauti yangu. Nimeikwepa simu kwa makusudi. Ukuta unaotenganisha chumba changu na chumba cha mbele ni wa mbao, na nyuma ya mbao hizo anaishi mtu ambaye ndiye habari yenyewe.

Jumatatu nilishinda chuoni kwa msimamizi wangu. Niliporudi jioni, nikawasha kompyuta mpakato yangu, kioo kikabaki cheusi, kisha ikajitokeza sentensi moja nyeupe ikidai kwamba mashine haioni diski ya kuanzia kazi. Nikaizima, nikaiwasha. Sentensi ikarudi, na adabu yake ile ile. Diski hiyo imo ndani ya mashine, Dada. Haichomolewi kama flashi. Inawezekanaje mashine isiijue sehemu ya mwili wake?

Humo ndimo ilimo tasnifu yangu. Unajua kwamba nakala iliyosahihishwa inatakiwa mezani kwa mkuu wa idara kabla ya Juni kwisha. Bila hiyo, nafasi ya mhadhiri msaidizi anapewa yule mwenzangu anayeandika kwa kunakili. Najua utauliza, kwa sauti yako ile, kwa nini sikuweka nakala pengine. Flashi hupita mikono mingi. Mtandao nao ni mashine za watu nisiowajua. Sura nzima ya mwanafunzi mwenzetu ilionekana katika kazi ya mtu mwingine, hata makosa ya chapa hayakubadilishwa. Nilichagua kuwa na nakala moja, niijuayo ilipo. Hoja yangu ilikuwa sahihi wakati ule na bado ni sahihi. Ni ulimwengu uliokosea.

Sasa niseme ninachokishuku. Tangu Januari Mama amempangisha chumba cha mbele fundi simu, kijana mpole kupita kiasi. Ana kijaluba cha bisibisi ndogondogo, zimepangwa kama vifaa vya daktari wa meno. Wiki mbili kabla ya balaa hili aliniuliza mlangoni, "Samahani jirani, hiyo mashine yako ni ya diski ya kuzunguka au ya chipu?" Fundi simu anahitaji nini na diski yangu? Siku hiyo ya Jumatatu alikuwa nyumbani, anadai ana mafua.

Nilimuuliza Mama kama aliona mtu akiingia chumbani kwangu. Akasema hakuona mtu. Nikalirudia swali kwa namna tofauti, jibu likawa lile lile, naye ameinamia sindano.

Niambie la kufanya, na barua hii uichane.

Mdogo wako


19 Machi

Kwako Wakili wetu, bingwa wa hoja,

Barua yako nimeisoma mpaka chakula cha mchana kikapoa. Sisi hatujambo. Shemeji yako ameacha gongo la kutembelea, sasa anachechemea pale tu anapotumwa dukani. Ofisini wametuhamishia chumba kisicho na dirisha. Tunajua kumekucha kwa sababu bosi ameanza kufoka.

Sikuichana barua yako. Nimeiweka, siku ukiwa profesa niwasomee wanafunzi wako.

Tuje kwenye hiyo laptopu. Najua wewe unaiita kompyuta mpakato, yenyewe haijali. Mashine ni mashine, mdogo wangu. Ikigoma ina sababu, na mara nyingi sababu ni ndogo na ya kipuuzi. Kwanza izime, chomoa chaja, toa betri kama inatoka, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia ukishikilie kwa muda mpaka umeme uliobaki ndani uishe. Irudishie kila kitu. Ukiiwasha tu, gongagonga kitufe cha F2 kule juu mpaka ufunguke ukurasa wa mipangilio. Humo kuna mstari unaotaja diski iliyomo. Ikiwa jina lake limeandikwa, basi mashine inaiona ila imesahau njia ya kuanzia, na hilo nitalimaliza kwa barua moja. Ikiwa mstari huo ni mtupu, uniambie.

Mtu yeyote akikwambia "tuisafishe tuanze upya", mkatalie. Atakufutia hata kile ambacho bado kipo.

Nijibu na haya: ilianguka? Ilimwagikiwa? Kabla ya kugoma ilikuwa na dalili yoyote, sauti, joto, harufu?

Na huyo mpangaji umemwona akifanya nini hasa? Sikuulizi unachokishuku, maana tasnifu yenyewe inahusu shaka, umesoma miaka yote hiyo ukafuzu kushuku. Nauliza ulichokiona.

Msalimie Mama. Mwambie nitampigia Jumapili.

Dada yako


2 Aprili

Dada mpendwa,

Salamu zako zimefika na Mama amezipokea kwa furaha, ingawa nimeona tangu umpigie Jumapili amekuwa mwingi wa kimya. Mvua imeanza, beseni limehamia ukumbini chini ya lile bati linalovuja. Jambo linalonisikitisha ni mshono wake. Mama, ambaye kola yake ungedhani imepimwa kwa rula, siku hizi uzi unamponyoka na mstari unayumba. Juzi mteja mmoja alirudisha mashati, naye akafumua bila kujitetea. Nimemshauri apimwe macho. Akanijibu, "Macho yangu yanaona, baba. Yanaona sana."

Nimefuata maelekezo yako kwa utaratibu. Ukurasa wa mipangilio umefunguka. Mstari wa diski ni mtupu kabisa.

Umetaka nilichokiona, na sasa ninacho. Kwanza, ukimya. Kwa miezi kadhaa kompyuta ile ilikuwa ikilia: mlio mwembamba, mkavu, usiokoma, mpaka nikawa nalalamika mezani kwamba siwezi kufikiri. Sasa ukiiwasha hailii. Fikiri nami, Dada. Kilichokuwa kikilia hakilii. Diski iliyokuwemo haionekani. Basi kilichokuwa kikilia ndicho kilichoondolewa. Sioni mwanya katika hoja hii.

Pili, mashine inayumba mezani. Nimeigeuza. Skrubu zote za chini ni nyeusi, ndogo, zinafanana, isipokuwa moja ya pembeni. Hiyo inang'aa, ni ndefu kuliko shimo lake, imeingia nusu na kukaa upande. Kiwanda hakifanyi hivyo. Mtu ameifungua mashine yangu, Dada, na kuifunga kwa haraka.

Nilimkabili mpangaji, kwa ustaarabu. Alikuwa barazani akikunja nguo.

"Jumatatu ile ulikuwa na mafua," nikasema.

"Eeh, makali kweli. Mama akanipa maji ya moto."

"Na mikono yako haikuwa na mafua?"

Akanitazama. "Jirani, kama laptopu inasumbua, ilete niitazame. Sikutozi kitu."

"Nashukuru. Imeshatazamwa vya kutosha."

Alicheka, Dada! Mtu asiye na hatia angekasirika. Nimenunua kufuli la chumbani na ufunguo nauvaa shingoni.

Nangoja neno lako.

Mdogo wako


11 Mei

Wakili,

Nisamehe, nimechelewa mno. Kazi zilikuwa nyingi, halafu shemeji yako akashikwa na homa, halafu nikaanza barua hii na kuiacha zaidi ya mara moja. Sasa kila mtu mzima. Nimefurahi kwamba mvua imewapa maji, nikasikitika kuhusu bati.

Usiiwashe tena hiyo mashine. Diski isipowashwa haichakai, kwa hiyo kilichomo kimelala tu. Kwa vile mstari ni mtupu, ama diski imekufa, ama haijagusana sawasawa na waya wake. Mimi nadhani ni hili la pili.

Na ile hoja yako isiyo na mwanya ina mwanya. Diski siyo kitu pekee kinachozunguka humo ndani. Kuna feni pia, na feni ya kompyuta inayokaa nyumba moja na cherehani hujaa nyuzi na vumbi la kitambaa, kisha hulia kama ulivyoeleza. Feni iliyonyamaza haithibitishi kwamba kuna kilichoibwa.

Naomba unijibu mambo mawili. Kichwa cha hiyo skrubu inayong'aa kina alama ya msalaba kama wenzake, au mfuo mmoja ulionyooka? Na ukiinusa sehemu ya matundu ya hewa, unasikia harufu gani?

Baada ya hapo ifungue. Usiipeleke kwa fundi, na usiifungulie chumbani kwako ulikojifungia. Ifungulie mezani kwa Mama, pale dirishani penye mwanga, umwombe akumulikie. Usiniulize kwa nini. Fanya hivyo tu, na umwongeleshe taratibu.

Mpangaji muache kwanza.

Dada yako


20 Mei

Dada,

Natanguliza salamu kwa kuwa nimelelewa vizuri. Tuko wazima. Mama anakusalimu, au ningesema amekwisha kukusalimu mwenyewe, kwa maana mnaongea mara nyingi kuliko unavyonieleza. Simu yako ikiingia anatoka nayo uani, anasimama kule kwenye kamba ya nguo, na nikitokea anasema kwa sauti kubwa, "Haya mwanangu, mvua zinaendelea." Ijumaa iliyopita jua lilikuwa linawaka.

Naomba uelewe hali yangu. Ninakuandikia kuhusu wizi. Unanyamaza zaidi ya mwezi. Kisha unarudi ukinitaka nimwache mshukiwa, ninuse matundu, na nimwombe Mama animulikie. Kama mwanafunzi angeniletea maandishi yenye mapengo kiasi hicho ningemrudishia. Unajua kitu usichokisema. Au kuna mtu unayemlinda. Mama anampenda huyo kijana. Anamwita "mwanangu" na kumwekea chai. Mmeafikiana nini ninyi wawili?

Hata hivyo nimejibu maswali yako, kwa kuwa sina cha kuficha. Skrubu ina mfuo mmoja ulionyooka. Harufu ni ya mafuta, mafuta mepesi, safi, kama ya kitu ninachokifahamu tangu utoto ila sikikumbuki. Mafuta ndani ya kompyuta! Nani mwingine nyumba hii anafanya kazi ya vyuma vidogo kama si fundi simu? Ushahidi wako mwenyewe unamfunga mtu wako.

Sikuifungua. Siwezi kuvuruga mahali pa tukio kabla shahidi hajafika. Nimemwandikia Baba Mdogo aje katikati ya Juni kwa mamlaka yake kama mkubwa wa familia, amtake mpangaji arudishe diski yangu na kuhama. Nimemweleza kila kitu kwa mpangilio.

Siku za kuwasilisha zinakimbia. Nimejaribu kuandika upya sura ya kwanza kwa kalamu, lakini kila sentensi inayokuja ni dhaifu kuliko ile iliyofungiwa humo. Unajua ilivyo kuwa na kitu chako bora kabisa umbali wa kiganja, usikifikie? Wananiuliza chuoni, "Vipi, umemaliza?" Nawajibu kwamba nasawazisha tanbihi.

Mama mshono wake bado. Nimemuuliza tena kuhusu ile Jumatatu, kwa kirefu safari hii. Uzi ukamkatikia, akainuka akaenda uani. Naona kijana yule amemtisha.

Mdogo wako


28 Mei

Mdogo wangu,

Tuko wazima. Salamu nyingine utazikuta mwishoni, nina haraka barua iwahi gari la vifurushi.

Mzuie Baba Mdogo. Ukishindwa kumzuia, mtafutie kazi nyingine.

Siku Mama akienda kununua vifungo, nenda kwenye cherehani yake. Usiguse kitu. Tazama kile kibati kidogo cha kuongozea uzi, kule mbele juu ya sindano, uone kimeshikiliwa na nini. Halafu tazama kile kikopo cha mafuta chenye mdomo mrefu anachokiweka kwenye droo. Kinuse. Kisha keti chini, ufikiri kwa ile akili yako yote tuliyoisomesha.

Mimi sitakwambia zaidi ya hapo, kwa sababu niliombwa nisikwambie na nikakubali. Lakini umeandika kwamba Mama ametishwa, na hapo umeona sawa. Katika nyumba hiyo kuna mtu anayemwogopa mtu. Aliniambia, "Akianza kunihoji mimi nitamjibu nini? Maneno yote anayo yeye." Huyo anayeogopwa si mpangaji.

Ukishafungua mashine: diski ni kile kisahani kilichofunikwa bati, ukubwa wa kiganja. Inaunganishwa na waya bapa kama utepe. Vuta waya huo taratibu, futa meno yake kwa pamba yenye spiriti mpaka mafuta yaishe, futa na meno ya diski, acha vikauke kabisa, kisha urudishe mpaka usikie umekaa. Ikionekana kwenye ule ukurasa, usishangilie. Toa nakala kwanza. Flashi, Wakili! Hata kama inapita mikono mingi.

Spiriti anayo mpangaji wako. Mafundi simu wote wanayo.

Salamu kwa Mama. Usimwambie chochote nilichokwambia, kwa sababu sijakwambia.

Dada yako


18 Juni

Dada mpendwa,

Tumshukuru Mungu kwa uzima, na naomba shemeji apokee salamu zangu za kipekee. Mlango wa jikoni una fremu mpya. Nitaeleza sababu.

Barua yako ilifika siku ambayo Mama alikuwa ametoka. Nikaenda kwenye cherehani. Kibati cha kuongozea uzi kilikuwa kinaning'inia. Mahali pa skrubu pamepitishwa uzi wa buluu, ule wa sare, umezungushwa mara nyingi na kufungwa fundo. Nikakigusa kwa ncha ya kidole, kinyume cha agizo lako. Kikayumba, na sindano ikayumba pamoja nacho. Miezi yote hii alikuwa anashona hivyo. Nami nilikuwa namshauri akapimwe macho.

Nikafungua droo. Sikuhitaji hata kukinusa kile kikopo.

Niliketi kwenye kiti chake mpaka niliposikia lango. Sitakuandikia niliyoyafikiri, si yote yalikuwa na mpangilio. Niseme tu kwamba nilikumbuka nikilalamika mezani, siku baada ya siku, kuhusu ule mlio, na yeye akinisikiliza, kijiko mkononi.

Kisha ikanibidi kubisha mlango wa chumba cha mbele.

"Naomba spiriti kidogo," nikasema. "Na pamba, kama ipo."

Mpangaji akanipa chupa nzima. "Ungebisha tangu mwezi wa tatu, jirani."

"Naomba nikuulize. Ule mwezi wa pili ulitaka nini na diski yangu?"

"Mimi? Nilitaka usingizi! Mashine yako ilikuwa inalia ukutani hapa, kichwani kwangu hapa. Nikasema niulize, pengine ni diski inakufa, nikushauri. Ukaniangalia kama nimeomba mkono wa dada yako."

Nikamwomba radhi. Nimeanza kuona kwamba hiyo si aibu kubwa kama nilivyodhani.

Siku iliyofuata asubuhi nikaibeba kompyuta mpaka mezani kwa Mama. Alikuwa anakata mifuko ya sare. Nikamwambia, "Mama, naomba unimulikie kwa simu, humu ndani mna giza." Akaacha mkasi. Alishika simu kwa mikono miwili, na mwanga ukawa unacheza juu ya skrubu.

Nilipoinua kifuniko cha chini, nikaiona kazi yake yote. Feni ilikuwa safi, Dada. Hapakuwa na uzi hata mmoja, na katikati, kwenye kitovu chake, palikuwa na alama ndogo ya mafuta, tone lililopimwa na mtu aliyepaka mafuta mashine maisha yake yote. Ila alipokuwa akisafisha aliusogeza waya bapa, ukalegea, na mafuta yakatambaa mpaka kwenye meno yake.

"Feni hii imesafishwa vizuri sana," nikasema.

Mama akaisogeza simu karibu. "Labda aliyesafisha aliisikia inalia."

"Basi anaijua kazi yake. Hailii tena."

"Mashine ni mashine," akasema Mama, na mwanga ukatulia.

Neno hilo, Dada, nimelisoma katika barua yako ya kwanza. Ninajiuliza nani alimwambia Mama, siku fulani kwenye simu, akiwa na haraka zake za kazini, kwamba kompyuta ni mashine kama cherehani na ikilia itolewe vumbi. Ninajiuliza pia kama hilo ndilo lililokufanya uanze barua na kuiacha. Mtu wa kushuku huwa haponi kwa siku moja. Lakini swali hilo ninaliweka chini, na wewe usilijibu.

Nilifuta meno kwa spiriti, nikaacha yakauke huku Mama akinisimulia habari za mteja mwenye mabega yasiyolingana. Nikausukuma waya mpaka ukakaa. Nikaiwasha, F2, na kwenye ule mstari uliokuwa mtupu likatokea jina la diski, herufi na tarakimu zisizo na maana kwa mtu yeyote, nami nikazisoma kwa sauti mara mbili. Mama akauliza, "Ndiyo nini?" Nikasema, "Ndiyo yenyewe, Mama. Imerudi." Akajifuta uso kwa kitambaa cha mfuko wa shati, kisha akakikunjua na kuendelea kukikata.

Tasnifu ipo nzima. Nakala moja ninayo kwenye flashi, nyingine nimempa mpangaji aniwekee. Najua utacheka, cheka. Jumatatu naiwasilisha.

Baba Mdogo sikuweza kumzuia. Alishuka Jumamosi na begi lake na uso wa hukumu, akauliza, "Yuko wapi huyo mwizi?" Nikamwonyesha fremu ya mlango wa jikoni. Nikamwambia barua yangu ilihusu mchwa, kwamba nilitumia lugha ya picha na pengine nilizidisha. Akanitazama kwa muda mrefu, akasema, "Elimu hii!" Kisha akaomba msumeno. Mpangaji ndiye aliyemshikia mbao. Wameelewana mno, Baba Mdogo ameondoka na simu yake imebadilishwa kioo.

Limebaki jambo moja, nalo nakwambia wewe tu.

Ile skrubu inayong'aa niliitoa. Mama alipokwenda kupima wateja, nikaukata ule uzi wa buluu na kuirudisha mahali pake kwenye cherehani, nikaikaza kwa bisibisi niliyoazima chumba cha mbele. Shimo kwenye kompyuta yangu nikaliacha wazi. Alasiri nikamsikia akikanyaga, akasimama, akakanyaga tena, halafu cherehani ikaenda mfululizo bila kukatika, ule mwendo wa zamani. Mstari wa kola ile ukiuona, utadhani umechorwa.

Leo asubuhi nimeamka nikakuta juu ya kompyuta yangu kitambaa kidogo cha sare, kimefungwa fundo. Mlango siufungi tena kwa kufuli. Nikalifungua lile fundo. Ndani kulikuwa na skrubu nyeusi, ndogo, yenye kichwa cha msalaba. Pengine iliviringika chini ya kanyagio siku ile, akaiona baadaye wakati wa kufagia; sijui ameiweka muda gani. Imefutwa vumbi, na ukiinusa, ina mafuta kidogo.

Mdogo wako